Kwa Nini Ng'ombe Hukonda Nyasi Zikiwapo?

Katika sehemu kavu za Kenya, kama Kitui, Makueni na Kajiado, huonekana jambo la kushangaza wakati wa kiangazi. Nyasi zingali zimesimama malishoni, na ng'ombe hurudi jioni matumbo yamejaa. Hata hivyo mbavu zao zahesabika, na maziwa yapungua. Wengine hudhani ni ugonjwa. Mara nyingi sababu imo ndani ya jani lenyewe.

Kipande chembamba cha jani kikitazamwa kwa darubini, huonekana kuwa kimejengwa kwa vyumba vingi vidogo, kila kimoja na ukuta wake. Ndani yake mna sukari na protini. Vyumba vingine vina kuta nyembamba zivunjikazo upesi. Lakini mishipa ya jani la nyasi imezungukwa na pete ya vyumba vyenye kuta nene, na kando yake zipo nyuzi ngumu. Nyasi za nchi za joto zina mishipa mingi iliyokaribiana. Umbo hilo huzisaidia kustawi katika jua kali kwa maji machache, lakini humpa mnyama kazi kubwa.

Ng'ombe mwenyewe hawezi kuziyeyusha kuta hizo. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika tumbo lake la kwanza. Naye hucheua ili kuzipasua nyasi, vijidudu vipate njia ya kuingia. Katika kilo 10 za nyasi changa, zikipimwa bila maji yake, yapata kilo 6 huyeyuka. Zikiisha kutoa mbegu, kuta hujaa lignini, yaani kile kiupacho mti ugumu wake, nacho hakivunjiki. Hapo huenda zikayeyuka kilo 4 tu. Tena protini hushuka. Ikiwa chini ya sehemu 7 katika 100, vijidudu vyenyewe hukosa chakula, kazi yao hulegea, na nyasi hukawia tumboni. Basi tumbo limejaa, na mnyama ana njaa.

Yafanywe nini? Nyasi kama ndata kivumbu na mbeetwa, kama ziitwavyo kwa Kikamba, zikatwe zinapoanza kuchanua. Zikaushwe siku mbili tatu huku zikigeuzwa, zingali na rangi ya kijani, kisha ziwekwe juu ya uchaga chini ya paa. Zishikwe kwa uangalifu majani yasipukutike, maana jani lina chakula kuliko bua. Atakaye mbegu za kupanda au kuuza atenge sehemu yake, asingoje shamba lote likomae. Mabua yabakiayo baada ya mavuno ya mbegu ni chakula dhaifu.

Wamasai wana desturi njema ya kutenga karibu na boma malisho ya ndama, yaitwayo olopololi. Lakini ikumbukwe kwamba nyasi zilizoachwa zikisimama huzidi kuwa ngumu kila juma.

Miti nayo isisahauliwe. Majani yake hayana pete nene kama zile za nyasi, na mengi hubaki na protini hata kiangazi. Ndiyo sababu mbuzi huweza kunawiri ng'ombe akikonda. Maganda ya mgunga uitwao oltepesi kwa Kimasai yakusanywe na kupondwa, kwa kuwa mbegu zake ngumu, zisipopondwa, nyingi hupita tumboni zikiwa nzima. Lakini majani ya miti mingi yana tanini, kitu kile kitumiwacho kutengenezea ngozi, ambacho huifunga protini isiyeyuke. Kwa hiyo yawe nyongeza, yasiwe chakula pekee.

Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika Kenya. Mvua haimo katika uwezo wa mfugaji. Lakini siku ya kutia mundu katika nyasi zake, hiyo huichagua mwenyewe.