Shafaki ya Nyota Iliyolipuka

Jua likizama Musoma, wekundu hubaki juu ya ziwa kwa muda. Mvuvi anayepakia taa za dagaa mtumbwini, pale mwaloni Mwigobero, halioni jua tena, lakini wekundu ule unamwonyesha lilipozamia. Watu wa pwani huuita shafaki. Sijapata neno linalofaa kuliko hilo kueleza kitu ambacho wanaastronomia walikisaka kwa miaka mingi.

Mlipuko wa kwanza wa mionzi ya gama ulinaswa tarehe 2 Julai 1967 na satelaiti za Vela, ambazo Marekani ilizirusha kupeleleza majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mlipuko wa namna hii huweza kwisha kwa sekunde chache tu, na gama haikusanywi kwa lenzi. Mahali ulipotokea palijulikana kwa makadirio mapana, au palijulikana vizuri wakati kumeshapoa.

Wanadharia walisema lazima kuna shafaki: vitu vinavyorushwa na mlipuko vinagonga gesi iliyo jirani, elektroni zinachapuka, zinatoa eksirei, kisha mwanga wa kawaida, kisha mawimbi ya redio. Angahewa huzuia eksirei, kwa hiyo msako wa eksirei hizo ulibidi ufanyike juu yake.

Kazi hiyo ilifanywa na BeppoSAX, satelaiti ya Italia na Uholanzi, na njia yake ilipita kwetu. Ilizunguka kilomita 600 hivi juu, bila kuiacha Ikweta zaidi ya nyuzi 4, hivyo Musoma, Bunda na Butiama zote zilikuwa ndani ya ukanda wake. Kutoka usawa wa Musoma hadi usawa wa Malindi ilitumia karibu dakika mbili. Antena ya Malindi, Kenya, iliisubiri kila mzunguko na kupokea yote iliyokusanya.

Tarehe 28 Februari 1997, saa 11:58 alfajiri kwa saa zetu, BeppoSAX ilidaka mlipuko. Kamera yake ya eksirei ikapata eneo, na baada ya saa 8 hivi satelaiti ikageuzwa kulitazama. Palikuwa na chanzo cha eksirei. Lakini mbingu imejaa vyanzo vya eksirei. Utajuaje kwamba ni hiki? Walirudi siku tatu baadaye. Kilikuwa kimefifia takriban mara 20. Kufifia huko ndiko kulikokitambulisha, maana shafaki haikai.

Mei mwaka huohuo, mlipuko mwingine ulipimwa umbali kwa mwanga wake uliosalia: ulitoka miaka bilioni 7 hivi iliyopita, kabla Jua letu halijakuwepo.

Baadaye satelaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004, iliweza kujigeuza yenyewe kuelekea mlipuko kwa dakika moja au mbili, bila kungoja amri ya mtu. Data zake nazo zilishuka Malindi.