Kukata na Kupanga Sauti: Kompyuta Inapokutana na Ngoma za Buha

Wimbo unaochukua dakika nne kuusikiliza redioni au katika simu ni nadra siku hizi kuwa uliimbwa kwa dakika nne mfululizo, kwani kwa kawaida huwa umeundwa kwa vipande vingi vilivyorekodiwa kwa nyakati mbalimbali, ambavyo baadaye vilichaguliwa, vikakatwa, vikasogezwa na kuunganishwa ndani ya programu ya kompyuta hata vikasikika kama tendo moja. Kazi hiyo hufanywa na prodyuza, mara nyingi wakati waimbaji wenyewe wamekwisha rudi makwao, na msikilizaji haioni, ingawa ndiyo inayoamua pumzi ipi ibaki, kosa lipi lifichwe na ubeti upi utangulie. Katika Buha, yaani nyanda za juu za Kigoma, ambako kwaya za makanisa ya Kasulu na Kibondo, ngoma za Waha na magitaa ya Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu husikika katika ukanda mmoja, kazi hiyo inastahili kueleweka na watu wengi zaidi ya mafundi wake, kwa sababu programu zinazotumika ziliundwa mbali na huko, na watu waliokuwa na muziki wa namna nyingine masikioni, na kila programu huja na mazoea ya walioiunda.

Zamani mpangilio wa wimbo ulikamilika kabla ya kurekodi. Bendi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam katika miaka ya 1970 zilipiga wanamuziki wote wakiwa pamoja chumbani huku utepe ukizunguka, kwa hiyo nani aingie lini na gitaa linyamaze wapi yalikuwa mambo ya kuamuliwa katika mazoezi na majukwaani. Njia ya kuzitenganisha sauti ilikuwa imekwisha patikana Marekani, ambako mpiga gitaa Les Paul alipata mwaka 1957 mashine ya kampuni ya Ampex iliyoweza kurekodi sauti nane kwa kupokezana juu ya utepe mmoja, lakini vifaa vya aina hiyo vilikuwa vya bei kubwa na vilibaki mikononi mwa wachache. Kompyuta ndiyo iliyoufungua mlango huo: Pro Tools ilitoka mwaka 1991, na mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ikatoa FruityLoops, ambayo tangu mwaka 2003 inaitwa FL Studio na ndiyo iliyozoeleka sana miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki. Studio za Dar es Salaam za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiwamo studio ya prodyuza Master J na Bongo Records ya prodyuza P-Funk, ziliwazoesha Watanzania utaratibu wa biti, yaani muziki wa ala, kutangulia na mwimbaji kuifuata, na utaratibu huo ukasambaa mikoani, ambako leo kompyuta mpakato, kadi ya sauti, maiki na hedifoni vinatosha kufungulia studio.

Msingi wa programu zote hizo ni traki, yaani njia inayobeba sauti moja peke yake, ambayo katika kioo cha kompyuta huonekana kama mstari mrefu uliolala kutoka kushoto kwenda kulia, na traki zikipangwa moja chini ya nyingine, ngoma juu, besi chini yake, kisha kinanda, kisha waimbaji, prodyuza huuona wimbo mzima kwa jicho moja. Sauti iliyorekodiwa huchorwa humo kama wimbi, na wimbi hilo kwa hakika ni orodha ndefu ya namba, kwani kompyuta huipima sauti mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde na kuhifadhi kila kipimo. Tofauti na fundi cherehani, ambaye mkasi wake ukishapita kitambaa hakirudi, prodyuza anapokata wimbi katika kioo haharibu rekodi yenyewe, kwa sababu faili la asili hubaki salama katika diski na kinachobadilika ni maelekezo tu ya wapi programu ianze kulisoma na wapi iishie. Uhuru huo wa kujaribu na kurudi nyuma ni neema kubwa, lakini pia ndio unaomshawishi mtu kukata pasipohitaji kukatwa.

Ukataji wenyewe una kanuni ambayo sikio huitambua hata kabla macho hayajaiona. Wimbi la sauti hupanda juu ya mstari wa katikati na kushuka chini yake mamia ya mara kwa sekunde, na kipande kikikatwa wimbi likiwa kileleni kisha kikaunganishwa na kingine kilicho bondeni, spika hulazimika kuruka ghafla kutoka hali moja hadi nyingine, na mruko huo husikika kama mlio mfupi wa "tik" unaochoma kati ya maneno. Prodyuza mwangalifu hukuza picha hadi aone mahali ambapo wimbi linavuka mstari wa katikati na kukata hapo, kisha hupishanisha ncha mbili, maana yake kipande cha kwanza hufifia huku cha pili kikipanda ndani ya milisekunde 5 hadi 10, milisekunde ikiwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pumzi ya mwimbaji nayo huhitaji busara ya aina hiyohiyo, kwa kuwa pumzi inayotangulia neno ni sehemu ya neno hilo, na wimbo ambao pumzi zake zote zimefutwa humchosha msikilizaji bila yeye kujua kinachomchosha.

Kwa kwaya, ambayo katika Kasulu ndiyo mteja wa kawaida kabisa wa studio, kazi ngumu zaidi ni kuchagua. Waimbaji wakiimba kiitikio mara nne, mara ya pili huenda ikawa na soprano safi lakini besi iliyochelewa, na mara ya nne ikawa na besi imara lakini soprano iliyochoka, hivyo prodyuza hutamani kuchukua ya huku na ya kule. Hilo huwezekana ikiwa kila sauti ilirekodiwa peke yake, lakini kwaya ikiwa imeimba kwa pamoja ukumbini mbele ya maiki kadhaa, sauti ya besi huwa imevuja katika maiki ya soprano, na anayeisogeza soprano husogeza pia kivuli cha besi, ambacho kitasikika kama mwangwi. Hata umbali una hesabu yake: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo nyuma kwa mita 3.4 huipokea sauti ileile milisekunde 10 baada ya ile ya mbele, na mawimbi mawili ya sauti moja yasiyokutana sawasawa huweza kupunguzana nguvu, kwaya ikasikika nyembamba ilhali waimbaji walikuwa arobaini. Dawa ni kuyakuza mawimbi hayo katika kioo, kutafuta pigo moja kali kama kofi la mikono, na kuisogeza traki ya nyuma mpaka makofi yalingane. Hata hivyo, kwaya iliyozoea kuimba kwa kutazamana hupoteza kitu ikitenganishwa kibanda kwa kibanda, na rekodi ya pamoja yenye kasoro ndogo mara nyingi huwa na uhai kuliko ile iliyounganishwa kipande kwa kipande hadi ikakosa joto.

Suala zito zaidi ni la gridi, yaani mistari ya wima inayopita katika kioo kizima na kuonyesha mahali ambapo kila pigo linatarajiwa kuangukia. Programu nyingi, zikiwamo Pro Tools, Logic na Reaper, hufunguka zikiwa na mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne katika kila fungu ambalo wanamuziki huliita baa, na humpa prodyuza amri ya kulivuta kila pigo hadi kwenye mstari ulio karibu nalo. Kwa biti iliyoundwa ndani ya kompyuta hakuna tatizo, maana ilizaliwa juu ya mistari hiyo. Kwa kikundi cha ngoma, ambacho huanza polepole na kuongeza kasi kadiri wachezaji wanavyochangamka, mambo ni mengine. Wapigaji wakianza kwa mapigo 116 kwa dakika wakati gridi imewekwa 120, kila baa ya ngoma huizidi baa ya gridi kwa takriban sekunde 0.07, na baada ya baa nane tu ngoma huwa imebaki nyuma kwa zaidi ya nusu sekunde, yaani pigo zima na ziada, hata kinanda kitakachoongezwa kwa kufuata gridi kikawa kinapiga wimbo wake chenyewe.

Wapo wanaotatua tofauti hiyo kwa kuzikatakata ngoma na kulivuta kila pigo mstarini, na matokeo yake ni ngoma iliyonyooka ambayo hakuna mzee wa Buha ambaye angeweza kuichezea. Ngoma nyingi za ukanda wa Maziwa Makuu hugawa pigo kwa tatu, na mara nyingi mpigaji mmoja hugawa kwa tatu huku mwenzake akigawa kwa mbili, na utamu wote umo katika msuguano wa mikono hiyo miwili. Gridi iliyowekwa kugawa kwa nne humvuta mmoja wao kutoka mahali pake na kuua msuguano huo. Njia iliyo bora ipo ndani ya programu zilezile, ingawa inadai subira: badala ya kuilazimisha ngoma iifuate gridi, prodyuza huweka alama kwenye pigo la kwanza la kila baa kama lilivyopigwa, na kuiamuru gridi ijivute au ijikunje kuzifuata alama hizo, hata baa moja ikawa na mwendo wa 116 na nyingine 124, na kinanda, besi na kila kitakachofuata kikawafuata wapigaji wenyewe. Faida hiyohiyo huyafikia magitaa ya Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, kwa kuwa rumba huanza kwa upole na kisha huingia katika seben, sehemu ya magitaa yenye kasi, na mahali pa kugeukia hapapo katika gridi ya mwendo mmoja.

Lugha nayo huweka mipaka ambayo programu haiijui. Kiha, lugha iliyo karibu sana na Kirundi, hutumia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno, na hutofautisha irabu ndefu na fupi, kwa hiyo mwimbaji wa Kiha anapoteleza kutoka noti moja hadi nyingine, huenda si kwamba amekosea noti, bali anatamka neno. Programu za kurekebisha noti, ambazo ya kwanza kupata umaarufu ni Auto-Tune iliyobuniwa na Andy Hildebrand wa Marekani mwaka 1997, zikiwekwa katika kasi kubwa hunyoosha mteremko huo na kuufanya ngazi, na vivyo hivyo irabu iliyofupishwa ili iwahi pigo huweza kulipotosha neno. Mwenye Kiha kinywani anapaswa kuketi pembeni ya prodyuza wakati wa marekebisho hayo, hasa prodyuza akiwa mgeni wa lugha.

Baada ya usafi wa vipande ndipo huja mpangilio, yaani uamuzi wa nini kianze, nini kifuate na nini kinyamaze. Mfano mzuri kwa wasomaji wa Kigoma ni wimbo Leka Dutigite wa mwaka 2012, ambao jina lake ni la Kiha na ambao uliwakutanisha wasanii wenye asili ya mkoa huo chini ya jina la Kigoma All Stars, wakiwamo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex. Wimbo wa waimbaji wengi kiasi hicho huweza kusambaratika kwa urahisi, kwa kuwa kila mmoja ana rangi yake ya sauti na hupewa baa chache tu za kusikika, hivyo kiitikio cha pamoja ndicho kinachorudi kila mara kumkumbusha msikilizaji kwamba bado yumo katika wimbo uleule. Prodyuza hupanga mambo hayo kwa kuvigawa vipande katika mafungu, kama utangulizi, ubeti na kiitikio, kisha kuyanakili na kuyahamisha mafungu mazima. Hapo kosa la kawaida la wanaoanza ni kuongeza: kiitikio kikionekana dhaifu, huongezwa kinanda, kisha makofi, kisha ngoma ya pili, ilhali mara nyingi kilichohitajika ni kunyamazisha vyombo viwili katika ubeti unaotangulia, ili kiitikio kiingie kikiwa na mahali pa kupanuka.

Yote haya hutegemea faili kubaki salama, na katika Kasulu na Kibondo, miji iliyotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi ya taifa ya umeme kufikishwa huko mwaka 2022, prodyuza yeyote anajua thamani ya kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Lililo gumu zaidi ni nafasi ya diski. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 16, uliorekodiwa kwa ubora wa biti 24 kwa kila kipimo na vipimo 48,000 kwa sekunde, huchukua karibu MB 700, wakati wimbo huohuo ukigeuzwa kuwa MP3 ya kawaida huweza kuchukua MB 5 tu, na ndiyo hiyo MP3 ambayo kwaya hupewa katika flashi, ilhali traki zenyewe hufutwa diski inapojaa. MP3 haiwezi kugawanywa tena kikamilifu kuwa traki zilizoizaa, kwa hiyo besi iliyozidi au ngoma iliyonyooshwa kupita kiasi itakuwa vigumu kuirekebisha vizuri. Viongozi wa kwaya na wa vikundi vya ngoma, wanapopatana bei na studio, wadai traki zote katika faili za WAV, kila moja ikiwa imeandikwa jina la sauti yake na zote zikianzia sekunde ileile ya mwanzo ili programu yoyote iweze kuzifungua, kisha wazihifadhi katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.