Je, Wajua? Damu Huganda Hata Mishipani mwa Vijana

Victor Wembanyama, nyota wa mpira wa kikapu kutoka Ufaransa, alikuwa na miaka 21 tu Februari 2025 alipokutwa na bonge la damu kwenye mshipa wa bega la kulia. Msimu wake uliishia hapo.

Kwa kawaida bonge huanzia mguuni: mguu mmoja huvimba, shavu lake likauma, ngozi ikapata joto. Kijana hudhani ni msuli, akachua. Likijitenga, bonge hupita moyoni na kukwama mapafuni. Pumzi hukata ghafla, kifua huchoma kila unapovuta hewa, pengine ukakohoa damu. Hapo ni hospitali mara moja, usiku au mchana.

Hatari huongezeka kwa upasuaji, mguu uliofungwa plasta, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, safari ndefu za kukaa kitako, na kurithi katika ukoo. Ujauzito na wiki sita za baada ya kujifungua zinastahili uangalifu wa pekee.

Serena Williams, nyota wa tenisi, aliwahi kupata bonge mapafuni mwaka 2011, akiwa na miaka 29. Mwaka 2017, siku moja baada ya kujifungua kwa upasuaji, pumzi zilimbana tena. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Yeye akashikilia apigwe picha ya CT ya mapafu. Kwanza wakampima miguu kwa ultrasaundi, hawakuona kitu. Picha ya mapafu ilipopigwa, mabonge yalikuwemo.