Kumwandikia profesa wa ng'ambo: nani anahitaji, na barua isemeje

Mwanafunzi aliyehitimu shahada ya kwanza na anayetaka kuendelea na masomo ng'ambo huambiwa mara nyingi: "Tafuta profesa umwandikie." Ushauri huo unafaa kwa baadhi ya masomo, na kwa mengine hauna kazi. Asiyejua tofauti huweza kupoteza msimu mzima wa maombi. Familia nayo huweza kupoteza zaidi, kwa sababu jibu zuri la profesa hudhaniwa kuwa nafasi imepatikana, na mipango ya harambee au ya kuuza ng'ombe huanza kabla chuo hakijasema lolote.

Nani anahitaji kuandika

Shahada ya uzamili ya darasani, yaani ya vipindi na mitihani, kwa kawaida haihitaji profesa. Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni kupitia tovuti yake. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza ni wa masomo ya aina hii. Mwombaji huchagua kozi tatu na huhitaji uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Haombwi jina la profesa.

Uzamifu na uzamili wa utafiti ni tofauti. Hapo mwanafunzi hufanya kazi chini ya msimamizi kwa miaka kadhaa, na asipopatikana msimamizi wa kufaa, hata mwenye alama za juu hukosa nafasi. Uingereza, Ujerumani na Australia, ni kawaida kuzungumza na msimamizi kabla ya kujaza fomu. Kanada, idara nyingi hutaka hivyo hata kwa uzamili wa utafiti. Marekani, uamuzi ni wa kamati ya idara, lakini katika masomo ya sayansi mara nyingi profesa ndiye mwenye fedha za utafiti zinazomlipa mwanafunzi kama msaidizi, kwa hiyo neno lake lina uzito.

Ufadhili wa serikali ya Japani unaopitia ubalozini una utaratibu wake: mwombaji hupita kwanza mchujo wa ubalozi, kisha ndipo huwaandikia maprofesa kuomba barua ya kukubaliwa kwa muda. Kwa sababu hiyo, ukurasa wa idara na wa mfadhili husomwa kabla ya barua yoyote kuandikwa. Idara nyingine husema wazi kwamba maprofesa wasiandikiwe.

Profesa yupi

Waombaji wengi huanza na jina la chuo kikubwa. Ni afadhali kuanza na kazi inayofanana na ile ambayo mwombaji ameshaifanya, na hapo wakazi wa Migori na Homa Bay wana faida, kwa sababu utafiti unaosomwa duniani umefanyika karibu na nyumbani.

Huko Mbita, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilishirikiana na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza katika kilimo cha vutu-sukuma. Mkulima hupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nyasi za Napier pembezoni mwa shamba, ili kupunguza viwavi wanaotoboa mabua na gugu la kayongo. Kule Nyayanga, katika rasi ya Homa, zana za mawe za kale zilizochimbuliwa zilielezwa katika jarida la Science mwezi Februari 2023. Utafiti huo uliongozwa na Profesa Thomas Plummer wa Queens College, New York, akishirikiana na watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Zebaki katika machimbo ya dhahabu ya Macalder, uvuvi wa omena na ufugaji wa samaki kwenye vizimba ziwani ni mambo mengine yanayoweza kumpa mwombaji swali la kweli.

Google Scholar hutafuta makala za kitaaluma bila malipo. Mwombaji aandike somo lake pamoja na jina la mahali, asome makala zinazojitokeza, kisha aandike majina ya watafiti. Mara nyingi mmoja wao ni Mkenya anayefundisha au kufanya utafiti humu nchini, na huyo ni rahisi kumfikia kwanza. Wahadhiri wa Rongo na wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya pia wana walimu wao wa zamani na wenzao wa utafiti, na mwanafunzi anaweza kuwaomba wamtambulishe.

Barua yenyewe

Barua nzuri husomeka kwa dakika moja. Inaeleza mwombaji ni nani, amesoma kazi gani ya profesa, yeye mwenyewe amefanya nini, na anauliza swali moja. Mfano huu umetungwa ili kuonyesha mpangilio tu. Barua halisi itaandikwa kwa lugha inayotumiwa na chuo:

"Mpendwa Profesa Fulani,

Nilihitimu shahada ya sayansi ya kilimo mwaka 2023, daraja la pili la juu. Katika mradi wangu wa mwisho nililinganisha mashamba 24 ya mahindi huko Ndhiwa, yenye desmodiamu na yasiyo nayo. Nimesoma makala yako ya mwaka jana kuhusu kupungua kwa kayongo. Katika mashamba niliyoyapima, wakulima wanne waliacha desmodiamu kabla ya msimu wa tatu kwa kukosa mbegu, na ningependa kuchunguza jambo hilo. Je, unatarajia kuchukua mwanafunzi wa uzamifu mwaka ujao? Nimeambatisha wasifu wangu na matokeo yangu ya chuo."

Profesa akiisoma anaona mtu aliyeingia shambani, akahesabu, na kukuta jambo ambalo makala haikulieleza. Swali la mwisho linajibika kwa ndiyo au hapana.

Kwetu, heshima huanza kwa salamu ndefu na kujuliana hali. Katika barua hii, heshima ni kutaja cheo na jina kwa usahihi na kutompotezea msomaji wakati. Shida za nyumbani hazina nafasi hapa. Zitaelezwa katika fomu ya ufadhili, ambako huulizwa. Barua moja isitumwe kwa maprofesa 20 kwa pamoja, wala isiandikwe na mwenye saiba kwa niaba ya mwombaji, kwa maana profesa akiomba mazungumzo ya video, atakayejibu maswali ni mwombaji.

Wakati wa kuandika na kungoja

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamifu kati ya Desemba na Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Septemba na Oktoba basi ni miezi mizuri ya kuandika. Kama hakuna jibu baada ya wiki mbili, ukumbusho mmoja unatosha.

Kimya ni cha kawaida, na kuandika kwingi si jambo jipya katika eneo hili. Barack Obama mkubwa, mzaliwa wa Rachuonyo karibu na Kendu Bay, aliandikia vyuo vingi vya Marekani kabla ya kukubaliwa na Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Mwaka huohuo, ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya wa Rusinga iliwapeleka wanafunzi 81 Marekani.

Jibu lina maana gani

"Tafadhali tuma maombi" ni kutiwa moyo. "Nitakuchukua fedha zikipatikana" ni ahadi yenye sharti. Nafasi hutolewa kwa barua ya chuo, na ufadhili huelezwa kwa maandishi yanayotaja kiasi cha fedha, miaka itakayolipiwa, na gharama zitakazobaki kwa mwanafunzi. Chuo cha Marekani hutoa fomu ya I-20, inayohitajika kuomba viza, baada ya kuona ushahidi wa fedha. Uingereza, mwombaji viza anayetakiwa kuonyesha fedha zake huonyesha kwamba zimekaa benki siku 28 mfululizo. Kwa hiyo familia isiuze shamba wala mifugo kwa sababu ya barua pepe ya profesa. Isubiri barua ya kukubaliwa na maelezo ya ufadhili, kisha ipige hesabu ya kilichobaki.

Profesa wa kweli haombi pesa. Ada ya maombi, pale inapotozwa, hulipwa kwa chuo kwa njia iliyoonyeshwa katika tovuti yake, na baadhi ya idara huisamehe mwombaji akiomba mapema. Anwani za vyuo vya Uingereza kwa kawaida huishia na .ac.uk, na za Marekani na .edu. Anayejiita profesa au wakala na kudai M-Pesa ili "kushikilia nafasi" asitumiwe chochote. Ujumbe wake uhifadhiwe, chuo kiulizwe kupitia anwani iliyo katika tovuti yake, na ripoti ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu.