Nani Anailipia Makala? Elimu Iliyo Wazi na Hati za Wazee Wetu

Watafiti huja Ibra, Sur na Nizwa kutafuta karatasi. Hufunguliwa masanduku, hukirimiwa kahawa na halwa, na hupiga picha hati za deni, wasia, barua zilizotoka Unguja na Tabora, na mikataba ya mashamba ya karafuu. Baada ya miaka miwili au mitatu makala hutoka. Wenye sanduku wakiitafuta katika intaneti hukuta kichwa cha habari, muhtasari wa mistari kumi, na bei: dola 40 au zaidi kwa kurasa 20 zinazomzungumzia babu yao. Wasomaji kadhaa wa jarida hili wameniuliza fedha hizo humfikia nani. Mwandishi hazimfikii, na mhakiki hazimfikii vilevile.

Tuanze na huyo mhakiki, maana ndiye asiyejulikana. Mwandishi akimaliza makala huipeleka kwa mhariri wa jarida. Mhariri akiona inafaa kusomwa, huipeleka kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyohiyo, na katika majarida ya historia kwa kawaida jina la mwandishi huondolewa. Hao huangalia kama hoja inasimama, kama tarehe za hijria zimegeuzwa sawasawa, kama hati imesomwa vizuri au imekisiwa. Mhakiki mzuri atajua kwamba riyali ya hati ya Unguja ya karne ya 19 ni ile ya fedha ya Maria Theresa, wala si riyali ya Oman ya leo, na kosa hilo moja linaweza kuharibu hesabu ya makala nzima. Kazi hiyo huchukua siku mbili tatu, na ada yake ni shukrani. Nimeifanya kwa miaka mingi bila kupata hata baisa moja, wala sikudai, kwani makala zangu mimi nazo zilisomwa na watu waliojitolea vivyo hivyo. Ni deni la zamu.

Wengi hudhani utaratibu huu ni wa kale. Jarida la Philosophical Transactions lilianzishwa London mwaka 1665, lakini kwa muda mrefu mhariri ndiye aliyeamua, pengine kwa kuuliza rafiki zake. Hata jarida mashuhuri la Nature lilikuwa halijaufanya uhakiki wa nje kuwa sharti hadi mwaka 1973.

Basi mwandishi analipwa na chuo chake, kama anacho chuo, na mhakiki halipwi. Mchapishaji hupanga kurasa, huhifadhi makala katika kompyuta zake, na huziuzia maktaba za vyuo haki ya kusoma kwa mwaka. Chuo kilichomlipa mshahara mwandishi hulipa tena ili kusoma alichoandika. Biashara hii ina faida kubwa: kitengo cha sayansi cha kampuni inayomiliki Elsevier hubakiwa na zaidi ya thuluthi ya mapato yake. Si kila jarida lilizaliwa humo. Azania, lililoanzishwa mwaka 1966 na taasisi ya Waingereza iliyoko Nairobi, na ambalo wanahistoria wa pwani hawawezi kuliacha, lilikuwa jarida la taasisi; leo linachapishwa na Taylor & Francis.

Mwaka 2002, wanazuoni waliokutana Budapest walitoa tamko kwamba makala za kitaaluma ziwe wazi kwa kila mwenye intaneti, bila malipo. Ndipo lilipopata nguvu neno la ufikiaji huria. Lakini gharama haikutoweka, ilihamishwa. Wachapishaji wakubwa walisema: vizuri, msomaji asilipe, alipe mwandishi. Nature ilitangaza mwaka 2020 kwamba mwandishi anayetaka makala yake iwe wazi atatozwa euro 9,500. Majarida ya kawaida ya makampuni haya hutoza pungufu ya hapo, lakini ada ya dola 3,000 si jambo la ajabu, nazo ni kama riyali 1,150 za Oman. Maprofesa wa Ulaya wengi hawaioni ada hiyo, kwani vyuo vyao vimeingia mikataba na wachapishaji.

Na sisi? Wachapishaji wengi husamehe ada kwa kufuata orodha ya Benki ya Dunia ya nchi na vipato vyake: nchi ya kipato cha chini husamehewa yote, inayofuata hupunguziwa. Tanzania ilipandishwa mwezi Julai 2020 hadi kipato cha kati daraja la chini, na katika makampuni yenye kufuata orodha hiyo mwandishi wa Dar es Salaam akatoka katika msamaha kamili akaingia katika punguzo. Oman ni nchi ya kipato cha juu, kwa hiyo mwalimu mstaafu wa Ibra anayeandika juu ya barua za ukoo wake, asiye na chuo nyuma yake, huhesabiwa tajiri na hapunguziwi kitu. Zamani alifungiwa mlango wa kusoma; sasa amefunguliwa huo na kufungiwa wa kuandika. Sioni kwamba la pili ni afadhali.

Hapo ndipo walaghai walipopata soko. Pakiwa na ada, hutokea jarida lisilo na mhakiki yeyote. Barua huja ikimsifu mwandishi kupita kiasi, ikimwahidi majibu kwa siku tatu, na hesabu ya benki iko chini. Kabla ya kutuma chochote, itazameni bodi ya wahariri na muwaulize wenyewe kama wanaijua.

Iko njia ya tatu, nayo si ngeni Nizwa. Makhatuta mengi ya Oman yana maandishi ya wakfu: kitabu hiki ni cha wanafunzi, hakiuzwi wala hakirithiwi. Mitende na zamu za maji ziliwekwa wakfu kwa ajili ya wasomao. Falaj lenyewe huendeshwa hivyo. Mpita njia hunywa bure, na zamu kadhaa za maji hukodishwa kwa mnada ili kulipia ukarabati. Maji ni bure kwa mnywaji kwa sababu mfereji una mlipaji anayejulikana.

Sayyid Barghash alifanya jambo la aina hiyo kwa matbaa aliyoiweka Unguja. Humo ulianza kuchapwa Qamus al-Sharia wa Sheikh Jumayyil bin Khamis al-Saadi, kitabu cha kiasi cha juzuu 90, kwa fedha za mtawala. Sayyid alifariki mwaka 1888 na kazi ile haikufika mwisho. Ilibidi karibu karne nzima ipite, hadi Wizara ya Turathi ya Oman ilipokitoa upya. Udhaifu wa njia hii ndio huo: mfadhili akiondoka, kazi husimama.

Siku hizi njia hiyo inafuatwa na jarida la Swahili Forum, lililoanza Köln mwaka 1994. Lina wahakiki, msomaji halipi, na mwandishi halipi. Wahariri ni walimu wa vyuo na muda wao ndio ufadhili wenyewe. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, imekusanya majarida ya Afrika mahali pamoja, na humo mtaliona jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo baadhi ya majarida ni wazi na mengine huuza makala.

Kwa familia zenye masanduku nina maelezo mamoja ya kazi. Kila makala huwa na sura tatu: ile iliyotumwa, ile iliyokubaliwa baada ya uhakiki, na ile iliyopangwa na mchapishaji. Bei huwa juu ya hii ya mwisho. Ya pili, wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuiweka wazi katika hazina ya chuo chake, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili. Watafiti wengi hawafanyi, kwa uvivu tu, au kwa sababu hawakuombwa. Basi mtafiti akija, kabla sanduku halijafunguliwa, mwandikiane naye karatasi fupi: kwamba sura ya pili itawekwa wazi, katika hazina gani, kwamba picha za hati zote zitarudi kwa familia, na kwamba muhtasari wa Kiarabu na wa Kiswahili utaambatishwa. Asainiwe na pande mbili, na nakala moja ibaki ndani ya sanduku pamoja na hati zenyewe.