Bajeti ya Kaunti kwa Lugha Gani?
Majuzi nilihudhuria kikao cha umma kuhusu bajeti ya kaunti yetu: fedha za mitaa, nyumba na taa za barabarani. Nyaraka zote zilikuwa za Kiingereza. Mama mmoja muuza mboga, ambaye hurejea kwake gizani kila jioni, alizifunua kurasa, akazikunja, akanyamaza.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Je, atashirikije asiyeelewa?

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, tusiishie kulaumu. Tuzitafsiri nyaraka hizo darasani, kisha tuzipeleke barazani. Asiyeweza kuiomba taa ataendelea kutembea gizani.