Uzee Hauna Dawa, Lakini Maumivu Yana Tiba

Ukiswali Ijumaa katika msikiti wowote baina ya Diani na Msambweni, hebu tupa macho mwishoni mwa safu. Utaona viti. Waliovikalia ni wazee wetu, watu waliokuwa wakikwea minazi na kuvuta nyavu, ambao leo magoti yao yamekataa kurukuu wala kusujudu. Nao hawana lawama. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimwelekeza sahaba wake Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, aswali wima, akishindwa, aswali ameketi, na akishindwa hilo pia, aswali kwa ubavu. Hata hivyo, zungumza na mzee yeyote kati yao, atakwambia kuwa anatamani paji lake la uso liguse mkeka kama zamani.

Hamu hiyo njema imekuwa soko. Nje hukosi mchuuzi aliyetandika bidhaa zake: chupa za mafuta ya habasoda, makopo ya vidonge vya manjano, mafuta ya samaki kutoka ng'ambo, na pakiti za unga usio na jina. Vyote, kwa maneno yake, huondoa baridi yabisi na kurudisha ujana. Je, msomaji, lipi la kweli na lipi la kuuzia?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mvuvi akichomwa na mwiba wa taa, mguu huwa mwekundu, ukavimba na kuwaka moto. Huo ni ulinzi: mwili umetuma askari wake kupigana. Jeraha likipona, askari hurejea kambini. Lakini kadiri umri unavyosonga, baadhi yao hawarejei. Hubaki wakizurura mwilini, mfano wa makaa chini ya jivu, wakidhuru viungo, mishipa ya damu na moyo. Mwaka 2000 mtaalamu wa Italia, Claudio Franceschi, pamoja na wenzake, waliipa hali hiyo jina katika elimu ya utabibu, jina lililounganisha uvimbe na uzee.

Hata hivyo, si kila goti linalouma ni la uzee. Homa ya chikungunya, iliyozuka Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017 na kuendelea hadi 2018, huweza kumwachia mtu maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Jina lake limetoka kwa Wamakonde, kwa kuwa mgonjwa hupindana kwa maumivu; ilijulikana kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ni vyema kupimwa.

Sasa tuje kwenye hizo chupa. Habasoda ina heshima yake kwetu kwa sababu ya hadithi sahihi iliyoisifu kuwa ni tiba. Wataalamu nao wameichunguza. Mwaka 2012 watafiti wa Misri waliwapa mafuta yake wanawake 40 wenye ugonjwa wa kuvimba viungo, na hali yao ikawa nafuu. Ni habari njema, ila watu 40 ni wachache, na hao waliendelea na dawa zao za hospitali. Habasoda ilikuwa msaidizi wa dawa, haikuchukua nafasi yake.

Manjano yana kiini kiitwacho kurkumini, ambacho kimeonekana kupunguza maumivu ya goti kwa kiasi. Tatizo ni kwamba kikimezwa peke yake, mwili hukipokea kidogo mno. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kuwa kikichanganywa na kiini cha pilipili manga, kiasi kinachoingia katika damu huongezeka mara nyingi. Tena kiini hicho huyeyuka katika mafuta. Basi mtazame mama anayepika mchuzi wa samaki kwa tui la nazi, manjano na pilipili manga: hakusomea kemia, lakini sufuria yake imekusanya vyote. Vidonge vyenye nguvu nyingi ni jambo jingine. Mwaka 2019 serikali ya Italia ilitoa onyo baada ya watu kadhaa waliokuwa wakivimeza kuugua ini.

Mafuta ya samaki, yaani omega-3, husaidia kiasi wale wenye ugonjwa wa viungo unaotokana na kinga ya mwili kujishambulia. Kwa goti lililolika kwa umri, matumaini ni madogo. Huko Marekani watu 1,398 wenye maumivu sugu ya magoti walipewa mafuta hayo, au vitamini D, au vidonge vitupu, na matokeo ya mwaka 2020 hayakuonyesha tofauti. Glukosamini, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,583 huko huko Marekani. Mwaka 2006 ikatangazwa kuwa kwa jumla haikushinda kidonge kitupu.

Kwa sisi Waislamu lipo swali jingine. Ganda laini la vidonge vingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini huweza kutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Soma kibandiko na utafute alama ya halali. Isitoshe, samaki wenye mafuta hayo, kama simu, vibua na jodari, huvuliwa katika bahari yetu wenyewe, na hawahitaji kibandiko.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote imo ndani ya pakiti isiyo na jina. Nina shangazi yangu Msambweni aliyeletewa unga mmoja na mchuuzi wa kupita. Siku ya tatu aliamka Alfajiri, akaswali wima na kusujudu hadi chini. Nilipokwenda kumwamkia, aliniambia, "Mwanangu, unga huu una baraka." Nami nikafurahi naye, Mungu anisamehe. Miezi michache baadaye uso wake ulikuwa umevimba mviringo kama sahani, ngozi ikichubuka kwa kuguswa tu, na sukari imepanda. Daktari aliuliza swali moja: "Bibi, unakunywa nini zaidi ya dawa zetu?"

Alishuku kuwa unga ule umechanganywa na steroidi, na dalili zote zilikubaliana naye. Hila hiyo inajulikana duniani. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya vidonge vya viungo vilivyouzwa kama mitishamba, kumbe vilikuwa na deksamethasoni na diklofenaki bila kutajwa popote. Dawa hizo hutuliza maumivu upesi sana, na ndiyo maana mnunuzi hurudi. Lakini zikitumiwa bila mwangalizi, steroidi hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na zikiandamana na diklofenaki huweza kutoboa tumbo. Na aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla peke yake, kwani hilo nalo ni hatari. Aende kwa daktari na pakiti mkononi.

Basi iwe kanuni nyumbani: mtishamba wa kweli hufanya kazi polepole. Unga unaomwinua mzee kwa siku tatu ni wa kuogopwa kabla ya kushukuriwa. Pia mzee anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, za presha au za sukari, asiongeze habasoda, manjano wala tangawizi ya vidonge kabla ya kumwambia daktari.

Lipo na jambo lisilouzwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja ya unene inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Kupunguza sukari katika chai na mahamri ya asubuhi, na kutembea ufukweni jua likiwa halijakali, ni tiba isiyohitaji mchuuzi.

Mabedui walipomuuliza Mtume kama watafute matibabu, aliwaambia watafute, kwani kila ugonjwa umewekewa dawa, isipokuwa mmoja: uzee. Mwenye kuahidi kurudisha ujana anauza kisichokuwepo. Mwenye kutuliza maumivu kwa njia ya haki, huyo tumsikilize.

Shangazi hajarudi kusujudu sakafuni. Anaswali juu ya kiti kando ya kitanda chake, asubuhi anatembea hadi kwa jirani na kurudi, na mchuzi wake wa vibua bado hauna mfano. Sukari imeshuka, na uso umerudi kuwa wake.